Pampu Nne Zilizopita Langoni Kaliti

Ijumaa, tarehe 28 Hamle, mwaka 2015 kwa kalenda yetu ya Kihabeshi. Mvua ilianza kabla ya saa moja asubuhi, nyembamba na yenye baridi, ikaendelea hivyo mpaka saa sita, ilipogeuka mvua ya mawe kwa robo saa kisha ikarudia unyembamba wake. Yadi ilijaa matope mekundu hadi kwenye ngazi za ofisi.

Endale Wubishet aliingia kazini saa moja na nusu. Siku hiyo Gashe Shiferaw, mlinzi wetu wa usiku, alikuwa asomewe hukumu saa nane mchana. Ilikuwa pia siku ya mwisho ya mahakama. Baada ya Ijumaa hiyo mahakama zilikuwa zinafungwa kwa mapumziko ya mvua, na faili ambayo haikumalizwa ingelala kabatini hadi mwezi wa Tikimt, zaidi ya miezi miwili baadaye.

Yadi yetu iko Kaliti, nyuma ya kiwanda cha mabati. Tunakodisha vifaa vya ujenzi: jenereta, mashine za kushindilia zege, pampu za maji, mashine za kuchomelea. Vitu huenda kwa wajenzi na kurudi, na vingine hurudi vimechoka kuliko vilivyoondoka. Gashe Shiferaw alilinda lango letu usiku kwa miaka kumi na tisa. Wafanyakazi wote walimwita Gashe, neno la heshima kwa mkubwa, hata Ato Mekbib, yaani Bwana Mekbib mwenye yadi, ambaye hakuwa mdogo kwake wala hakuwa na kawaida ya kumheshimu mtu.

Endale alikuwa na miaka thelathini na minne. Alizaliwa Piassa, mtaa wa maduka mjini, mtoto wa fundi saa. Baba yake alikuwa na kibanda cha kioo kisichozidi upana wa kabati, na kila mteja aliyefika kuchukua saa yake aliulizwa swali moja tu: "Yetu au yao?" Mteja akisema yetu, mshale uliwekwa kwa hesabu yetu, saa moja ikawa moja. Akisema yao, uliwekwa kama wanavyosoma wageni, saa moja asubuhi ikawa saba. Wengi walisema yetu. Endale alikaa kwenye kibanda kile kuanzia darasa la tatu, na alichukua kwa baba yake tabia ya kutovumilia saa iliyokosewa. Akiingia nyumba ya mtu akakuta saa ya ukutani imechelewa dakika nne, hakuweza kunywa kahawa yake kwa utulivu mpaka apande kiti.

Alisomea umeme na redio chuo cha ufundi, akatengeneza televisheni kwa miaka kadhaa, kisha akaajiriwa kwetu. Alipanga chumba cha uani kwa Gashe Shiferaw. Mke wa Gashe, Etiye Beletu kama tulivyomwita kwa heshima, alimwita mwanangu, na kila Jumapili Endale alikunywa kahawa yao mpaka kikombe cha tatu. Gashe na Endale walionana mara mbili kwa siku, mmoja akitoka lindo na mwingine akiingia kazini, na Gashe alikuwa na maneno yake yaleyale:

"Nimekukabidhi lango zima. Usinirudishie nusu."

"Gashe, ulilala?"

"Kalale wewe. Mimi nitalala kaburini."

Hilo lilikuwa jambo lake la kujivunia, la pekee labda. Hakuwahi kusinzia lindoni. Watu wa mtaani kwake walijua, na watu wa chama cha kuzikana walijua, kwa sababu alilisema katika kila mkutano.

Mwezi wa Tahsas, miezi saba kabla ya hukumu, Ato Mekbib alileta mfumo mpya. Kila kifaa kilibandikwa kibandiko chenye waya mwembamba ndani, na kila kibandiko kilikuwa na namba yake. Kwenye nguzo za lango zilifungwa antena nne bapa, kama sinia, na nyaya zake zikaingia kwenye sanduku la kijivu lililokuwa kibandani kwa mlinzi. Sanduku hilo ndilo kisomaji. Kifaa kikipita langoni, hata kikiwa hatua kumi na mbili kutoka kwenye nguzo, hata kikiwa chini ya turubai ndani ya lori, kisomaji kilisikia namba yake na kuituma kwa mtandao kwenye jukwaa, ambalo liko kwenye kompyuta za watu ambao hatujawahi kuwaona. Ofisini ulifungua ukurasa na kuona: jenereta namba fulani, imetoka, antena ya pili, saa fulani. Mafundi wawili walikuja kufunga, wakamfundisha Endale kwa siku tatu, wakaondoka.

Siku tatu hazikutosha. Wiki ya kwanza kisomaji hakikusikia pampu hata moja, kwa sababu kibandiko kikilala juu ya chuma hunyamaza. Endale alikata kandambili kuukuu, akaweka kipande cha mpira chini ya kila kibandiko, na pampu zote zikasikika. Wiki ya pili jukwaa lilisema mashine ishirini za zege zimetoka na kurudi mara mia tatu kwa siku moja. Zilikuwa zimepangwa karibu na ukuta wa lango, na antena zilizisikia pale pale zilipokaa. Endale alipunguza nguvu ya antena kidogo kidogo siku nzima, akichora chini mstari wa chokaa kila aliposikika na kila alipopotea, huku amebeba mashine ya kilo thelathini begani.

Tolosa, mkuu wa wapakiaji, hakumwacha hata kidogo.

"Daktari wa lango! Leo mgonjwa anaendeleaje?"

"Anasikia vizuri."

"Basi mwambie naenda chooni. Aniandike nimetoka. Nikikawia, waarifu walio mawinguni."

Siku moja Tolosa alibandika kibandiko cha jenereta nyuma ya kofia ya Gashe Shiferaw. Jioni ile jukwaa lilionyesha jenereta kubwa kuliko zote ikiingia kazini saa kumi na mbili kamili, ikienda hadi barabarani kununua sigara, ikirudi. Tulicheka wiki nzima. Gashe alicheka kuliko sisi. "Angalau mwajiri sasa anajua thamani yangu," alisema.

Kuhusu saa ya kisomaji, ilikuwa hivi. Sanduku lilikuwa na kioo kidogo kilichoonyesha saa, na kilionyesha yao. Vibali vya kutoka na daftari la lango vimeandikwa kwa saa yetu tangu yadi ifunguliwe. Sasa walinzi wa mchana na karani wa vibali walianza kunakili kutoka kwenye kioo, na daftari likachafuka: lori limetoka saa tisa, jingine baada yake limetoka saa tatu na nusu, yote asubuhi moja. Endale alilitazama daftari lile kwa siku mbili. Siku ya tatu, kioo kikiwa kimeandika 09:40, aliingia kwenye mipangilio ya sanduku na kuandika 03:40, yaani saa tatu na dakika arobaini, kama mtu yeyote Kaliti angeisema.

Nilimwona akifanya hivyo. Mimi ni wa ofisini; nilikuja kuchukua vibali, na nikadhani amefanya vema.

Wala hakufanya ovyo. Alitoa pampu nje na kuiingiza mara tatu, kisha akaja ofisini kuangalia ukurasa wa jukwaa. Mara zote tatu jukwaa liliandika saa sahihi, kwa sababu lilikuwa likiweka saa yake lenyewe kila namba ilipofika. Alitosheka. Jambo ambalo hakulijua, na ambalo mafundi hawakumwambia, ni kwamba mtandao ukikatika kisomaji huhifadhi namba tumboni mwake pamoja na saa yake chenyewe, na mtandao ukirudi hutuma vyote viwili, na jukwaa huiamini saa ile.

Mwezi wa Miyazya, miezi minne baadaye, mtandao ulikatika siku sita mfululizo. Katika siku hizo, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, pampu nne kubwa za maji zilitoka kwa kibali, zikipelekwa kwa mjenzi ambaye hatukuwahi kufanya naye kazi kabla. Hazikurudi. Mjenzi alisema hajaziona pampu zozote, na saini iliyokuwa kwenye nakala ya kibali haikusomeka. Karani aliyeandika kibali hicho alikuwa ameshakwenda Beirut kufanya kazi za nyumbani, na namba yake ya simu haikupatikana. Polisi waliuliza yadi ina ushahidi gani mwingine. Ato Mekbib akawafungulia jukwaa.

Jukwaa lilisema: pampu nne, zimetoka, 03:12. Saa tisa na dakika kumi na mbili za usiku.

Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kufikiri sana. Kibali cha asubuhi, na mstari wake kwenye daftari la lango, vilikuwa vya uongo, vimeandikwa kufunika. Pampu zilitoka usiku. Usiku lango lina kufuli, na ufunguo unakaa kwa mtu mmoja. Wapelelezi walitafuta namba nne tu kwenye jukwaa, wakazipata. Vitu vingine vilivyotoka katika siku zile sita vilikuwa vimesharudi, na hakuna mtu anayetafuta kitu ambacho hakikupotea. Vilivyotoka mchana navyo vilionekana vimetoka asubuhi, jambo lisilomshtua yeyote.

Nilikuwapo mahakamani Gashe alipohojiwa. Wakili wa serikali alimsomea rekodi, akamuuliza alikuwa wapi.

"Langoni."

"Uliona gari?"

"Sikuona gari."

"Mashine imesikia pampu nne zikipita mbele yako. Mashine ina chuki nawe?"

"Mashine haina chuki na mtu."

"Basi uliwafungulia, au ulikuwa umelala. Ipi?"

Gashe alimtazama Endale, aliyekuwa amekaa karibu nami, kana kwamba yeye ndiye angejua. Endale aliinamisha macho. Wiki iliyotangulia alikuwa ameitwa shahidi, akaulizwa kama kisomaji kinaweza kubuni kitu ambacho hakikupita, akajibu kwa ukweli kwamba hakiwezi.

"Basi nitakuwa nililala," alisema Gashe Shiferaw.

Nyuma yetu Etiye Beletu alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na sindano. Nadhani Gashe aliona ni afadhali kuitwa mzembe kuliko mwizi. Lakini mwenye usingizi hafungui kufuli kwa ufunguo wake na kulifunga tena, na jaji alilisema hilo waziwazi. Maneno yake yalimharibia zaidi. Na tangu siku ile, Beletu alituambia, kila alipompelekea chakula mahabusu mumewe alimuuliza jambo lilelile: kama kuna siku yoyote mwezi wa Miyazya alirudi nyumbani asubuhi macho yakiwa hayana wekundu.

Sasa narudi kwenye Ijumaa. Yaliyotokea asubuhi yadini nimeyapata kwa Endale mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshatangulia mjini na Beletu, kuwahi nafasi kwenye benchi la mahakama.

Mwaka wa hesabu ulikuwa umefungwa mwezi uliopita, na Endale alitakiwa kuchapisha matembezi ya vifaa vyote kwa ajili ya mkaguzi. Saa tatu hivi alifika kwenye siku zile sita za Miyazya. Akaona jenereta kubwa, ile ya kofia, imetoka 02:05 usiku. Jenereta hiyo aliikumbuka vizuri. Aliipakia yeye na Tolosa, saa mbili asubuhi, na Tolosa aliminywa kidole na kuwalaani mababu wa yule aliyebuni jenereta. Akamwita Tolosa.

"Kidole chako ulikiumiza lini?"

"Leo unanionea huruma? Ni mwezi wa nne sasa."

"Asubuhi au usiku?"

"Usiku nafanya nini hapa, Daktari? Nina mke."

Endale alisema alisimama na karatasi mkononi, kisha akaenda kibandani kutazama kioo cha sanduku. Kioo kiliandika 03:21. Nje kulikuwa na mwanga wa mvua na malori mawili yakisubiri.

Alikwenda moja kwa moja kwa Ato Mekbib. Alimweleza yote bila kujificha: saa aliyoirudisha nyuma, mtandao uliokatika, pampu zilizotoka asubuhi kama kibali kilivyosema. Ato Mekbib alisikiliza hadi mwisho. Si mtu mbaya, ila hupenda kila jambo lipitie mlango wake.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Gashe hakufungua lango."

"Mbele ya mahakama hakika yako ni ya mtu mmoja, tena aliyechezea mashine. Ngoja niwapigie wenye jukwaa. Wakithibitisha kwa maandishi, tunakwenda wote wawili, na gari langu. Usiende popote mpaka nikuite."

"Hukumu ni saa nane, Ato Mekbib."

"Najua hukumu ni saa ngapi. Nimesema ngoja."

Endale akangoja. Alikaa kwenye kiti cha karani, nje ya mlango wa bosi, karatasi zake magotini, tangu saa nne kasorobo hadi saa saba na nusu. Alisikia simu ikipigwa mara ya kwanza, na ya pili, na baada ya hapo akasikia Ato Mekbib akizungumza na wateja wengine mambo mengine. Mvua ya mawe ilipoanza kupiga bati hakusikia kitu tena. Saa sita na nusu Ato Mekbib alitoka kwenda kula, akampita, akasema bado hawajajibu. Endale aliniambia kwamba alipokaa pale aliwaza kila kitu isipokuwa kusimama. Aliwaza jinsi ya kuandika taarifa. Aliwaza kama achore mchoro wa antena. Tangu utotoni alizoea kungoja aambiwe kazi imekubalika ndipo aitoe mkononi.

Saa saba na nusu Ato Mekbib alirudi. Alifunga mlango.

"Wenye jukwaa wanasema rekodi ikishaingia haibadilishwi, na wao hawatoi barua kwa simu. Wiki ijayo labda. Na nimefikiri jambo jingine, Endale. Nikisema leo kwamba lango langu linadanganya, kila mjenzi niliyembana kwa rekodi hii atarudi hapa kesho. Tumwekee rufaa Gashe, kimyakimya, baada ya mvua. Nitamsaidia mwenyewe."

"Atakuwa gerezani."

"Tayari yuko ndani. Ni miezi tu."

Hapo ndipo Endale aliposimama. Alitoka bila mwavuli. Barabara chini ya daraja ilikuwa imejaa maji, magari yalikuwa yamesimama, na sehemu ya njia aliikimbia.

Aliingia mahakamani saa nane na dakika ishirini. Jaji alikuwa anasoma, kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu mwenye faili nyingine tisa mezani, na kweli alikuwa nazo. Gashe alisimama kizimbani akiwa na shati jembamba. Maneno tuliyoyasikia vizuri ni miaka minne.

Endale alisema kutoka mlangoni, "Mheshimiwa, si kweli."

Askari alimwambia akae. Hakukaa. Alinyanyua karatasi zake, na zilikuwa zimelowa kiasi kwamba zilijikunja mkononi mwake.

"Ni saa. Nilirudisha saa nyuma mimi. Pampu zilitoka asubuhi."

"Wewe ni nani?" aliuliza jaji.

"Shahidi. Yule wa mashine."

Jaji alipekua faili, akapata jina lake. "Ulisema hapa chini ya kiapo kwamba mashine haibuni."

"Haibuni, mheshimiwa. Iliambiwa vibaya."

Kuna watu walicheka nyuma. Jaji hakucheka. Alisema, bila ukali, kwamba hukumu imeshasomwa, na mahakama hii haina tena faili hiyo mkononi. Alilo nalo la kusema aliandike, alipeleke kwa wakili wa mshtakiwa, naye alipeleke kwenye rufaa mahakama zikifunguliwa. Kisha akaita faili inayofuata. Wakili wa Gashe, kijana aliyepewa na serikali, alichukua zile karatasi zilizolowa, akazitazama juu na chini, akasema, "Mletee karani wangu mwezi wa Tikimt. Zikiwa kavu."

Gashe alikuwa ameshatolewa kwa mlango wa pembeni. Sijui alisikia kiasi gani.

Tulikutana na Endale kwenye ukumbi. Etiye Beletu alikuwa ameshika kikapu cha chakula ambacho walikataa kukipokea kwa kuwa mfungwa alikuwa anahamishwa. Endale alimweleza yaleyale aliyomweleza Ato Mekbib, kwa mpangilio uleule, tangu kioo cha sanduku hadi siku sita. Beletu alimsikiliza akimtazama kifuani, si usoni.

"Ulijua lini, mwanangu?"

"Leo."

"Leo saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Na sasa?"

Endale alitazama mkono wake. "Saa tisa kasoro robo."

Beletu alihesabu. Niliona midomo yake ikihesabu. Kisha akasema, "Kutoka Kaliti hadi hapa kwa miguu ni saa mbili. Mimi nimetembea."

"Niliambiwa ningoje, Etiye."

"Ndiyo. Wewe huambiwa, unangoja." Alikipachika kikapu mkononi. "Mume wangu ameniuliza miezi miwili kama alilala. Nimemwambia labda. Nilidhani namfariji. Nimemwambia, Shiferaw, umezeeka, hata nyumbani unasinzia. Mimi."

Endale alinyoosha mkono kumsaidia kikapu. Beletu hakumpa. Alishuka ngazi peke yake, akasimama mvuani akitafuta taksi, na alipopata hakugeuka.

Nilimpeleka Endale hadi mtaani kwao. Alizungumza mara moja tu, tulipokuwa tunavuka mfereji. Alisema kama siku ile ya Tahsas angelipuuza lile daftari chafu, kama angekuwa mvivu kidogo, Gashe angekuwa anajiandaa kwenda lindoni saa hiyo. Chumbani kwa Beletu taa ilikuwa inawaka na watu wa chama cha kuzikana walikuwa wamekaa kimya kwenye mabenchi, kama watu waliofika msibani. Endale alipita kando ya ukuta hadi chumba chake cha uani, akafunga mlango.

Kesho yake, Jumamosi, mvua ilikuwa imepungua. Endale alinunua mkate wa injera na dengu kwa mama wa kona, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyempa chakula cha kupeleka, tukaenda gerezani. Mpokeaji alimwamuru aonje kila chombo kwanza, akaonja. Wageni husimama kwenye uzio mmoja na wafungwa kwenye uzio mwingine, katikati pana nafasi ya hatua nne anakopita askari, na watu arobaini huongea kwa pamoja, hivyo kila mmoja hulazimika kupaza sauti.

Gashe Shiferaw alifika akiwa amejifunga blanketi la gereza. Alinisalimu mimi kwanza, akauliza kama mvua imeingia nyumbani.

"Gashe," alisema Endale, "hukulala."

Gashe alitega sikio. Endale akarudia kwa nguvu, na baadhi ya watu waliokuwa kando yetu wakageuka.

"Hukulala! Pampu zilitoka asubuhi. Kosa ni langu. Saa niliigeuza mimi!"

Gashe alishika waya wa uzio kwa vidole vyake vyote. Nilimwona anapokea lile neno, likishuka polepole. Hakufurahi. Nilikuwa nimetumaini, kwa ujinga wangu, kwamba angalau atafurahi.

"Nimekwisha sema mbele ya watu kwamba nililala," alisema. "Beletu alikuwapo. Wote walikuwapo."

"Tutaandika rufaa. Mwezi wa Tikimt..."

"Nimelisema kwa mdomo wangu, Endale."

Akatazama chini, akavuta blanketi, akageuka. Alitembea taratibu kuelekea jengo, akapita kwenye madimbwi badala ya kuyazunguka, na mlango ukamchukua.

Endale aliendelea kueleza. Alieleza jinsi mtandao ulivyokatika siku sita, jinsi kisomaji kinavyohifadhi namba tumboni, jinsi jenereta ya saa mbili ilivyoandikwa usiku, kwa sauti ileile kubwa, kwa mpangilio. Mahali pa Gashe palikuwa pamechukuliwa na kijana mwenye kovu kwenye nyusi, aliyekuwa anamtafuta dada yake kati yetu.

"Kaka," alisema kijana yule, "mzee wako ameshaingia."

"Najua," alisema Endale. Akaendelea hadi akamaliza.